Mbuzi Arudi, Mbuzi Warudi: Miaka Thelathini na Minane ya 'Me 'Mapontšo Khabele

Mwalimu 'Mapontšo Khabele, ambaye sote humwita 'Me, yaani mama, anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Novemba, baada ya kuitumikia Shule ya Uganga ya Phororong kwa miaka thelathini na minane. Aliombwa abaki mwaka mmoja zaidi. Alijibu, "Magoti yangu yamekwisha kutia sahihi. Mimi nimebaki kukubali tu."

Alifika kwa punda, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, kufundisha kusoma, kuandika na hesabu katika chumba namba nne. Watoto wetu wakati huo waliweza kuliamrisha jiwe lizungumze, ila hawakuweza kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Yeye hakuzaliwa na uganga. Kwetu mwenye uganga husemwa kuwa ana mvua, na asiye nao huitwa mkavu. Katika orodha ya walimu iliyo ukutani, wengine wote waliandikiwa "mwalimu" mbele ya majina yao. Yeye aliandikiwa "mkavu". Siku ya kwanza aliisoma orodha hiyo, akawageukia akina baba waliokuwapo, akasema, "Kavu ni kuni, bo-ntate. Mimi ni mtu." Walimu walicheka. Neno likabaki pale pale ukutani.

Kazi yenyewe ilichosha, na hapana haja ya kuipamba. Vumbi la chaki, moshi wa jiko la samadi, theluji kizingitini, na wanafunzi walioziroga kalamu zao ziwafanyie hesabu. 'Me 'Mapontšo hakugomba. Aliiacha kalamu imalize, akaisahihisha, akasema, "Kalamu imepata nane. Nthatuoa amepata sifuri. Haya, mama, sasa andika wewe."

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Bodi ilikutana ili kukifunga chumba namba nne. Mwenyekiti, Ntate Ramohapi, alisema mbele yake, "'Me, mganga anahitaji ulimi, hahitaji sarufi." Wajumbe waliafiki, wakatoka kwenda kula papa na moroho, yaani ugali na mboga za majani.

Asubuhi hiyo Ntate Ramohapi alikuwa amepotelewa na mbuzi mmoja. Akasimama uani, akatamka, "Mbuzi wangu warudi!"

Neno "mbuzi" halibadiliki, awe mmoja au wawe wengi. Kitenzi ndicho kinachobeba idadi. Alipaswa kusema "arudi". Kwa herufi moja, walirudi mbuzi wote aliopata kuwa nao maishani: waliouzwa, waliotolewa mahari, hata walioliwa. Ngozi iliyotandikwa ofisini ilisimama ikalia. Kufikia saa nane hapakuwa na mahali pa kukanyaga, na kila mganga aliyejaribu kuwaondoa aliongeza kosa jingine. Mmoja aliwapa pembe za ziada.

'Me 'Mapontšo alitoka na chaki, akaandika ukutani: "Mbuzi wangu aliyepotea leo abaki, wengine wote warudi walikotoka." Akampisha Ntate Ramohapi atamke, kwa kuwa yeye hakuwa na mvua.

Ntate Ramohapi aliutazama ukuta muda mrefu. Hakujua kusoma. Tunaliandika jambo hili kwa idhini yake, naye amesisitiza liandikwe bila kosa. Nthatuoa, aliyekuwa darasa la tano, alimsogelea akamnong'oneza neno baada ya neno. Ua ukawa mtupu, akabaki mbuzi mmoja, anatafuna orodha ya chakula.

Tangu Alhamisi iliyofuata, Mwenyekiti aliketi kwenye benchi la nyuma katika chumba namba nne, magoti yakigusa kidevu. "Ntate, kaa wima," aliambiwa kama wengine. Bodi iliahirisha kukifunga chumba hadi mwalimu wake atakapostaafu. Basi kila mwaka uliompunguzia nguvu ulikisogeza chumba karibu na kufuli, naye aliendelea kuja, akipumzika mara mbili kwenye ngazi, kisha mara nne. Mwaka huu, alipoandika kwamba amechoka, hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Jumatatu iliyopita alipokea barua ya Bodi. Ntate Ramohapi aliiandika kwa mkono wake, pasipo kalamu ya kurogwa: "Chumba namba nne itaendelea. Nthatuoa atafundisha." 'Me 'Mapontšo aliisoma akiwa amesimama. Akaketi. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akakata "itaendelea", akairudisha barua. Barua ya pili ilifika kabla ya chai: "kitaendelea".

Orodha ya ukutani nayo imeandikwa upya. Neno "mkavu" halimo tena. Jina lake litakaa humo siku nne tu likiwa na neno lililostahili: Mwalimu.

Asante, 'Me 'Mapontšo. Weka chaki chini, unyooshe magoti. Maisha yako yawe mema. Tumeandika "yawe", na tumehakikisha mara mbili.