Mlango wa Stoo wa Fundi Zoubeir

Ufunguo unaozunguka mara mbili katika kitasa cha stoo: sauti hiyo niliisikia kwanza mwaka 1954, nikiwa mwanafunzi wa dawati la pili, na haijanitoka. Aliyeuzungusha ni mwalimu wetu, Fundi Zoubeir Mchangama, ambaye tarehe 15 Julai 1965 anastaafu baada ya kufundisha fasihi katika shule yetu ya Mahajanga kwa miaka thelathini na miwili.

Alizaliwa kisiwani Nosy Be, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya maua ya langilangi. Alifika hapa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Bandarini walimdhania mchuuzi. Maktaba tunayojivunia ilianza na masanduku hayo mawili.

Somo lake maarufu lilikuwa riwaya za kutisha. Vitabu vyenyewe vilijaa majumba ya mawe na ukungu, vitu ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuviona. Fundi hakujali. Alitueleza kwa Kifaransa, na pale tulipokodoa macho, kwa Kimalagasi, kwamba kazi ya ukungu ni kumtenga mtu na wenzake, na kwamba Mahajanga tunao wetu: saa saba mchana, maduka na madirisha yamefungwa, barabara nyeupe kwa jua, na mtu mmoja tu anatembea. Alisema pia kuwa siri ya ukoo hutisha kuliko mzimu, maana mzimu hauli nasi chakula.

Taharuki aliifundisha kwa stoo. Kila Oktoba aliifunga mbele ya darasa, akasema itafunguliwa mwezi wa sita, akaendelea na somo. Mwaka wetu, ilipofika Februari, harufu ya langilangi ikaanza kupita chini ya mlango. Kwetu kila mtu anajua ni nani apendaye manukato na vyumba vilivyofungwa. Bi Rabiata wa mtaa wa Ampisikina, mama wa mwenzetu mmoja, alikuja na wanawake wanne na msomaji wa Yasini.

"Fundi," alisema, "jini wa watu hafungiwi kama mbuzi. Mfungulie aende zake!"

Fundi aliwatandikia mkeka, akaketi nao hadi mwisho wa kisomo, akaitikia amina, akawapa chai. Mlango hakuufungua. Mwezi wa sita tulikuta ramani zilizoliwa na mchwa, pamoja na chupa ya mafuta aliyoletewa kutoka kwao, kizibo chake nacho kimeliwa. Bi Rabiata alicheka kuliko sote. Hadi leo, kila Oktoba huuliza mwaka huu kumewekwa nini.

Safari hii jibu lilikaribia kukosekana. Shule iliamua kwamba asipopatikana mwalimu wa kulichukua somo la riwaya za kutisha kabla Fundi hajaondoka, lifutwe, na stoo igeuzwe ofisi. Walimu wa fasihi tumebaki wawili. Bwana Houmadi anasema vitabu vile vinamharibia usingizi. Mimi nilikuwa nimekwisha kuomba uhamisho kwenda Antananarivo. Fundi hakuniomba lolote. Aliniwekea ufunguo mezani, akaenda darasani.

Fundi, ahsante kwa yote uliyotufungulia, na kwa yale uliyotungojesha. Nosy Be ikupokee kwa afya, usingizi mzuri wa mchana, na wajukuu wengi wa kuwatisha.

Ombi langu la uhamisho nililiondoa Jumatatu. Jana asubuhi niliingia stoo, nikaweka kitu, nikatoka, nikazungusha ufunguo mara mbili. Ni kitu gani, hata Fundi mwenyewe ataambiwa mwezi wa sita mwakani.