Jani Nililomficha Ofosuhene

Nana, chifu wetu, na wazee wa baraza lako, Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo hiki cha mitishamba, ndugu waganga wenzangu, na wewe Bwana Ofosuhene, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini ya kutunza panya wa maabara: nawaamkia nyote.

Nimeombwa nimsifu. Ajabu kweli, maana miaka saba iliyopita nilimtukana huyu bwana pale langoni, na majirani walisikia!

Nilileta dawa yangu ya homa ipimwe. Lakini mganga gani wa Akuapem hutoa siri yake yote? Nilichemsha majani mawili, la tatu nikalificha. Baada ya wiki sita akaniita.

"Maame Dufie, dawa yako haidhuru wala haisaidii. Panya wanaibugia kama mchuzi wa fufu."

"Labda panya wako wavivu!"

"Panya wangu hawana neno. Lete ile unayowapa watu, mama."

Nikamtukana hadi langoni, kisha kwa hasira nikaileta kamili. Safari hii, askari wa mwili, zile chembe nyeupe katika damu ya panya, waliongezeka karibu maradufu. Nilicheza ngoma ya adowa humu humu maabarani! Ofosuhene hakucheza. Alinipeleka kwenye kizimba cha panya wenye mimba.

"Walikuwa tisa," akasema. "Sita mimba zimetoka."

Ndugu zangu, mnajua nani alikuwa akinywa dawa hiyo nyumbani kwangu kila asubuhi? Serwaa, mke wa mwanangu, mwenye mimba changa, eti apate nguvu. Nilitamka jina lake tu, nikatoa simu. Ofosuhene akaichukua, akampigia mwenyewe.

"Binti, mwaga hicho kikombe, uende hospitali sasa hivi."

"Wewe nani wa kuniamrisha?"

"Mtunza panya. Mwaga!"

Akamwaga. Zile wiki sita nilizozichezea kwa ujanja wangu nusura zinipokonye mjukuu, na aibu yake ninayo hadi leo. Waganga wenzangu mnaocheka huko nyuma, leteni majani yenu yote. Chupa zangu sasa zimeandikwa kwa wino mwekundu: mwenye mimba asinywe.

Ofosuhene, juzi ulilalamika kwamba hakuna atakayekukumbuka ila panya. Nawashukuru nyote mlionitegea masikio. Abena, mjukuu wangu, weka chini hiyo soda. Panda juu ya kiti, babu Ofosuhene akuone.