Mbeleko ya Baba Lusia

Basi lilipotoka Kahama, mzee aliyekaa mbele yangu aliitikia shikamoo ya mama mjamzito aliyempakata mtoto aliyelala, kisha akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunangoja mtu aliulize: "Ng'wanawane, mwanangu, mbona mumeo kajitanda kanga?"

"Ni mbeleko, baba. Kesho anampeleka Lusia India, akatibiwe moyo. Klabu ya hisani ya mjini imewalipia. Mimi mimba ina miezi minane, ndege hawanipakii."

"Ampakate basi. Mwanaume habebi mtoto mgongoni."

"Huyu hatulii mpaka abebwe mgongoni, na daktari kakataza asilie. Baba yake kajifunza wiki nzima, nyuma ya zizi."

Baba yake alitazama dirishani, kana kwamba anayesemwa yuko gari jingine.

"Watamcheka huko."

"Wamcheke. Nani anamjua?"

Stendi ya Shinyanga, gari la klabu lilikuwa linasubiri. Baba Lusia aliinama, lakini tumbo lilimzuia mkewe kumnyanyua mtoto. Mzee akamnyanyua mtoto yeye mwenyewe, akamshikilia mgongoni pa baba yake mpaka mama akafunga mbeleko.

"Mwanaume habebi mtoto hivi," alisema. "Kaza hilo fundo."