Wasifu wa Fundi Pindo, Aliyetembea Akiwa Amekaa

Marehemu baba yetu, aliyejulikana na wengi wenu kwa jina la Fundi Pindo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa mpishi wa shule na mkewe, aliyekuwa akifuma masweta. Ninayesoma ni binti yake wa kwanza. Jana shangazi, dada wa marehemu, aliniomba niandike kwamba "aliugua kwa muda mfupi", kama wanavyoandika watu. Shangazi, shikamoo, na unisamehe. Sitaandika hivyo, kwa sababu si kweli, na kwa sababu nina hasira.

Elimu ya msingi aliipata kati ya mwaka 1966 na 1972, katika shule ile ile ambako babu alikuwa mpishi. Siku ya kupigwa picha ya darasa la sita, mwalimu alisema wenye kaptura zilizofumuka wakae pembeni. Baba aliwapeleka wenzake nyuma ya jiko, akachomoa uzi kwenye gunia la mchele, akawashonea wote. Picha ile ipo nyumbani. Darasa zima limo, na kaptura zimepindwa kwa uzi wa gunia. Mchele nao ulimwagika, na babu alimchapa.

Hakuendelea na sekondari. Alijifunza ushonaji kwa mjomba wake, na mwaka 1981 akafungua duka lake, chumba chembamba kati ya duka la dawa na kibanda cha fundi viatu. Alishona suruali za watu waliooa, waliohitimu na waliozikwa. Jina la Pindo alilipata kwa sababu hakuweza kuzungumza na mtu kabla ya kumtazama miguuni. Unamsalimia, yeye anakwambia suruali yako inafagia barabara. Kijimto cha pini kilikaa kwenye mkono wa kushoto, mkasi kwenye mkono wa kulia, na miguu juu ya kanyagio la cherehani kutwa nzima. Na sigara mdomoni. Tusijifanye tumeisahau sigara.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye alikuwa mteja. Alileta sketi ipunguzwe kiuno, na sketi ile ikarudi dukani mara tatu. Mama mpaka leo anasema Baba aliiharibu makusudi ili amwone tena. Baba alikuwa akijibu kwamba kiuno chenyewe ndicho kilichokuwa hakitulii. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2021 miguu ilianza kumkaba. Akitoka dukani kwenda tu hadi kwenye kona ya duka la mikate, vigimbi vinakaza kama vimefungwa kamba, akisimama, vinaachia. Daktari alimweleza kwamba mishipa inayopeleka damu miguuni imeziba, na kwamba ya moyo huenda nayo haiko salama. Akampa vidonge. Akamwambia aache sigara, naye aliacha, tumpe haki yake. Kisha akamwambia jambo ambalo nyumbani kwetu halikuingia akilini: "Tembea mpaka maumivu yakubane. Simama. Yakipoa, tembea tena. Kila siku." Sisi ni watu ambao mtu akisema anaumwa tunamvutia kiti. Mama alimvutia kiti.

Februari 2024 kliniki ikaja na mchezo. Wagonjwa walipewa saa za kuhesabu hatua, wakapangwa katika timu za watu wanne. Kila Jumatatu timu inaanza na alama zake kwenye simu. Mmoja wao asipofikisha lengo la siku, wote wanapunguziwa. Timu ikifanya vizuri inapanda kutoka Shaba kwenda Fedha, kisha Dhahabu. Hakuna fedha yenyewe, ni sifa tu, pamoja na ujumbe unaotumwa kwa ndugu uliyemchagua. Baba alinichagua mimi, ninayeishi mbali. Kwa mchezo ule sina ugomvi. Katika timu yake alikuwemo mstaafu wa posta, tunayemwita Mama Barua. Alianza akisimama kila baada ya nyumba chache, anauma meno, anaendelea. Leo amekataa gari. Ametoka kwake mapema ili aje hapa kwa miguu.

Ugomvi wangu ni na kifundo cha mguu cha baba yangu. Aliwaambia watu wa kliniki kwamba mkono mmoja una pini na mwingine una mkasi, hivyo saa ataifunga kifundoni. Wakakubali. Siku ya kwanza alikaa kushona sare za kwaya, na kila alipokanyaga cherehani, saa ikahesabu hatua. Jioni simu ikampigia tarumbeta. Naamini siku ile hakujua. Siku ya pili alijua. Mama anasema maumivu yalikuwa makali, na Baba aliona aibu kuwa yeye ndiye atakayewaangusha wenzake. "Kesho nitatembea kweli," alikuwa akisema, huku anakanyaga.

Nyumba nzima ilijua. Baba mdogo alijua. Fundi viatu alijua. Walicheka, wakamwita Bingwa. Mimi huko niliko nikapokea ujumbe, "Mzazi wako amepanda Dhahabu!", nikawasomea wenzangu kazini kwa majivuno. Na pale kliniki, penye watu waliosomea miguu, waliangalia simu, wakampongeza, wakampa cheti, wala hakuna aliyemwambia avue viatu. Cheti kile bado kiko ukutani. Nikirudi nyumbani nitakishusha mwenyewe.

Aprili mwaka huu mkanda wa cherehani ulikatika, na alama za timu zikaporomoka. Mama Barua akaja dukani kwa wasiwasi.

"Fundi, mbona hutembei siku hizi? Unaumwa?"

Mama akamjibu huku akicheka, "Haumwi, dada. Mkanda umekatika."

"Mkanda gani?"

"Wa cherehani."

Mama Barua hakucheka. Alipiga magoti pale pale kwenye vipande vya vitambaa, akamvua Baba kiatu na soksi. Kidole gumba kilikuwa cheusi. Baba alikuwa akikifunga kwa mabaki ya bitana na kunyamaza.

"Si ungeniambia tu, Fundi," akasema. "Tungekuwa tunasimama pamoja. Kwani mimi nilikuwa sisimami?"

Mguu ulikatwa tarehe 6 Mei. Moyo wake ulisimama wodini tarehe 3 Juni 2025, Mama akiwa ameushika mkono wenye alama ya kijimto cha pini. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Sisemi kwamba angetembea asingekufa. Daktari hakuniambia hivyo, nami sitamsingizia. Ninachosema ni kwamba alipewa dawa ya kutembea, hakuitumia, na watu wanaompenda wakampigia makofi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada yake, na mdogo wake wa kiume. Hapo kwa mdogo wake naomba nisipite haraka. Baba mdogo, una miguu ile ile. Juzi tulipokwenda kuchagua jeneza ulisimama kwenye nguzo ya taa, ukainama, ukajifanya unafunga kamba za viatu. Viatu vyako havina kamba. Gari lililokuwa likurudishe nyumbani nimeliambia lisije. Mama Barua atatembea upande wako mmoja, mimi upande wa pili. Pakikuuma tutasimama, na hakuna atakayekuvutia kiti.

Fundi Pindo amemaliza, apumzike kwa amani. Wewe, Baba mdogo, inuka twende.