Mama Laini, Aliyekubali Kurudi Hospitali

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Laini kwa sababu ya kazi yake ya simu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Hadi uzeeni, akisikia harufu ya sabuni mbichi, alikuwa anasimama kidogo na kutabasamu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1970 na sekondari mwaka 1974. Hesabu zilimpiga chenga, lakini sauti alijaliwa. Mwalimu wake ndiye aliyemshauri aombe kazi posta.

Tarehe 2 Februari 1976 alikaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu, akadumu hapo miaka kumi na minane, hadi ilipowekwa mitambo mipya inayounganisha simu yenyewe. Baba, wakati huo fundi redio mwenye duka lake, alikuwa akipiga kila siku kuulizia saa.

“Bwana, dukani kwako hakuna saa?” mama alimwuliza siku moja.

“Zipo sita,” baba akajibu, “ila hakuna inayoongea.”

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa watoto watatu.

Juni 2009, akioga, mama aligusa uvimbe mdogo kama harage kwenye titi la kushoto. Ilikuwa saratani. Alifanyiwa upasuaji, akaanza dripu za dawa ya saratani. Baada ya dripu ya pili nywele zilinyonyoka, chakula kikawa hakikai tumboni. Shangazi, dada yake baba, akamletea unga wa mizizi kwa nia njema kabisa, na mama akaacha hospitali. Miezi mitatu. Sisi watoto tulinyamaza, na hilo linatuuma mpaka leo. Uvimbe mwingine ulipotokea kwapani, baba alimrudisha.

“Daktari, nilitoroka.”

“Umerudi, mama, hilo ndilo kubwa. Niambie ulichokunywa, usinifiche kitu.”

Alilazwa, akarudishiwa dawa. Mtaalamu wa lishe akampangia chakula, na muuguzi akamfundisha kupumua taratibu kichefuchefu kinapopanda. Kila asubuhi mama alitembea nusu saa kuzunguka ua wa hospitali, na wagonjwa wenzake wakaanza kumfuata. Aliyeuliza kama kutembea kunaponya alijibiwa bila kuzungushwa: “Mwanangu, dawa ndiyo inayopambana na saratani. Mimi natembea ili niiweze hiyo dawa.”

Akapata miaka kumi na miwili. Aliona harusi mbili, akalea wajukuu, akabishana na baba kuhusu chumvi kila mlo.

Saratani ilirudi mifupani mwaka 2022. Mama alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Februari 2023, akiwa na miaka 65. Wiki yake ya mwisho shangazi alimwomba radhi kwa ule unga. “Wifi yangu,” mama akamwambia, “ulitaka nipone. Sasa nigeuze, ubavu huu umechoka.”

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wifi mmoja, na watu thelathini na wanne ambao asubuhi ya leo, kabla ya kuja hapa, wamezunguka ule ua wa hospitali.

Pumzika, mama. Amani ya Mungu ikufunike.