Kiuno cha Shangazi

Benchi la kijiwe cha kahawa lina miguu mitatu, wa nne ni tofali, na asubuhi hiyo Fundi Pindo alikalia upande wa tofali kama mtu asiyejali kuanguka. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni. Kompyuta yake ilizima jana mchana, ikazima jumla, na vipimo vya sare za harusi vikaenda nayo: wanawake thelathini na mmoja, akiwemo shangazi wa bwana harusi, aliyebembelezwa wiki mbili nzima ndipo akakubali kupimwa kiuno. Na harusi ni Jumamosi.

— Waya, mwanangu, haifufuki?

Waya, fundi wa simu, alikuwa ameipakata kama mtoto mwenye homa.

— Diski imekufa, mama. Huna nakala?

— Ninayo! Nikaiandika NAKALA, herufi kubwa kabisa.

— Iko wapi?

— Si humo humo ndani.

Mzee Birika, muuza kahawa, alicheka mpaka vikombe vikagongana.

— Umeacha ufunguo wa akiba ndani, halafu ukafunga mlango!

— Kwani haikuwahi kukuuliza? Waya akasema.

— Kila asubuhi. “Nikuwekee nakala kwingine? Ndiyo, au Baadaye?” Nami nina mteja mlangoni, pasi inaunguza kitambaa. Nabonyeza Baadaye.

— Kwa muda gani?

— Miaka mitatu.

— Basi imesusa hiyo! Mzee Birika akapiga paja. Hata mke wangu asingefika miezi mitatu.

— Kosa si la Fundi, mzee. Ni la walioitengeneza. Isiulize! Ifanye tu, tangu siku inatoka kwenye boksi, na asiyetaka ndiye ahangaike kuizuia. Kwani wewe ukilala, pua inakuuliza, “Nipumue, au baadaye?”

— Ningebonyeza Baadaye, mngenizika!

— Umeona sasa?

— Lakini ikizoea kujinakili bila ruhusa, leo moja, kesho mbili, keshokutwa zinachumbiana. Ila ningependa na mimi ninakiliwe. Mmoja auze kahawa, mwingine akae nyumbani na mke wangu.

— Mkeo atabaki na nakala, Fundi Pindo akadakia, wewe akufute!

Akashtuka kujisikia anacheka, kicheko cha tumboni, machozi yakimtoka, huku Waya akishikilia benchi lisipinduke.

Kisha kikakatika. Shangazi mwenyewe alikuwa anavuka barabara, mkoba kwapani, uso umechangamka.

— Hamjambo, wanangu! Fundi, gauni langu limefikia wapi?

Waya akaitazama kompyuta. Mzee Birika akainamisha birika juu ya kikombe; halikutoa hata tone. Fundi Pindo akainuka, akauvua utepe shingoni polepole, akaufungua mbele yake.

— Shangazi yangu mpenzi… nikupime tena kiuno, mara moja tu?

Shangazi akavuta tumbo ndani.

— Baadaye.