Rasikbhai Sonpal na Riwaya Iliyomwacha Mdogo Wake

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Februari 2019, hakuna aliyelala nyumbani kwa Rasikbhai Sonpal, mtaa wa Chakli Pol, mjini Ahmedabad, India. Mkewe, Manjulaben, aliketi karibu na simu. Binti yao mkubwa, Taruben, alikuwa akienda dirishani na kurudi, maana kila pikipiki iliyopita aliidhani ni ya mumewe anayetoka hospitali. Simu ililia alfajiri. Manjulaben hakuipokea, aliitazama tu. Taruben ndiye aliyeambiwa kwamba baba yake amefariki, na kabla machozi hayajamtoka, wasiwasi mmoja ukamkaba: ni nani atakayeuwasha moto wa kuchomea maiti, kazi ya mtoto wa kiume? Marehemu hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na mdogo wake, Kanubhai, mgane aliyeishi peke yake nyumba ya pili, na ndugu hao hawakuwa wamesemezana kwa zaidi ya miaka ishirini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1938 katika nyumba hiyohiyo, mtoto wa kwanza wa Chhaganlal, fundi wa kupiga chapa vitambaa, na Jamnaben. Kanubhai alifuata miaka minne baadaye. Walilala godoro moja mpaka mkubwa alipoota ndevu.

Alisoma shule ya manispaa, kisha akachukua shahada ya Kigujarati mwaka 1959 kwa masomo ya asubuhi, mchana akiwa karani wa reli. Kazi hiyo ya reli aliifanya hadi alipostaafu mwaka 1996, na hakuna mkubwa wake ofisini aliyewahi kuelewa michezo yake ya kuigiza. Wengi mtaani pia hawakuielewa, lakini walikwenda.

Mchezo wake wa mwaka 1971 bado unazungumzwa. Alikataza kengele ya tatu, ile ya kufungua pazia, isipigwe. Alisema mchezo utaanza watazamaji watakaponyamaza wenyewe. Watu wakaendelea kula karanga na kuulizana habari za harusi. Pazia halikufunguka. Mwishowe mzee mmoja akafoka, "Nyamazeni basi waanze!" Mama mmoja nyuma akamjibu, "Anza wewe, mdomo kama redio!" Ukumbi mzima ukacheka, kisha ukanyamaza kwa aibu, na pazia likafunguka. Marehemu alisema huo ndio ulikuwa ukurasa wa kwanza wa mchezo, na ameuandika na watu mia nne.

Alifunga ndoa na Manjulaben, wa Nadiad, tarehe 20 Februari 1964. Kazi zake zote aliziandikia kwenye bembea ya sebuleni. Mkewe alikataza minyororo yake isitiwe mafuta. "Ikilia, najua anaandika," alikuwa akisema. "Ikinyamaza, amelala huyo, nampelekea kikapu cha bamia akate."

Mwaka 1994 ilitoka riwaya yake, *Walioonekana*, kuhusu alasiri moja tu katika nyumba ya Chhaganlal. Ndani yake hakuna anayesema "mimi". Watu wanaonekana tu, mmoja baada ya mwingine. Jioni majirani walikusanyika barazani, mmoja akasoma kwa sauti na wengine wakabishana nani ni nani. Waliojikuta walinuna. Wasiojikuta walinuna zaidi.

Kanubhai alisikiliza mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akasimama mbele ya watu wote.

"Mama yumo, baba yumo, hata kasuku yumo! Mimi mdogo wako simo?"

"Soma tena, Kanu," marehemu alisema.

"Nisome nini? Umenifuta!"

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ya kaka yake.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2017. Wiki yake ya mwisho hospitalini alimwambia Taruben kwamba moto wake auwashe Kanu, na si mwingine. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Utotoni Kanu alishinda darini akichungulia watu kupitia ufa wa mbao, na usiku akamsimulia kaka yake, aliyeogopa kupanda ngazi. "Kitabu kizima ni macho yake," alisema.

"Mbona hukumwambia, baba?"

"Mwandishi akianza kueleza, kitabu kinakufa."

"Na nyinyi je? Mfe mmenuniana?"

Marehemu aligeukia ukutani.

Siku aliyofariki, jeneza la mianzi lilikuwa tayari mapema, wakimngoja Kanubhai aje mwenyewe, lakini jua halingesubiri, na likishazama moto hauwashwi tena. Majiko ya mtaa mzima yalikuwa hayajawashwa, kwa heshima ya maiti. Ilipofika saa kumi, jirani, Shardaben, alisema, "Taru, mwanangu, watoto wanalia njaa. Mumeo yupo. Mwambieni awashe, mzee apumzike."

Taruben alitoka pekupeku mpaka mlangoni kwa Kanubhai, akagonga.

"Baba mdogo, ni mimi Taru."

"Najua ni wewe. Rudi kwa mama yako."

"Bibi Jamna alikuwa akilamba sukari guru kwa siri, nyuma ya pipa la unga. Imo kitabuni. Nani alimwona?"

Akagonga tena.

"Baba mdogo, nani alimwona?"

"Mimi," sauti ilisema. "Nikiwa darini."

"Baba angewezaje kuona kutoka darini? Hata kiti alikuwa anapanda akishikiliwa."

"Nilimsimulia mimi."

"Basi anayewatazama watu katika kitabu kizima ni nani?"

Wanaume barazani waligeuka kumtazama. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa za upande wa pili. Taruben alisikia kitasa kikihangaika, kisha mlango ukafunguka. Kanubhai alikuwa ameshanyoa kichwa na kuvaa nguo nyeupe, kama ilivyo desturi ya anayewasha moto.

"Tangu asubuhi nimevaa," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aniite."

Marehemu ameacha mjane, Manjulaben, mabinti wawili, Taruben na Ketkiben, wajukuu watatu, na mdogo wake, Kanubhai, aliyetia bega la mbele chini ya jeneza na kuuwasha moto kabla jua halijazama. Roho yake ipate utulivu aliowaombea wengine.